Kisa cha Dada Z: aliacha wanga siku 20, akanywa maji mpaka yakamlaza

Hiki kisa nimekikalia muda mrefu, sanasana kwa sababu na mimi nimo ndani yake na sio upande wa kusifiwa. Mimi ni ofisa lishe, na wikiendi nakimbia na klabu moja ya jogingi hapa Dar, zile za kuamka saa 11 alfajiri na fulana za kufanana, na pale klabuni maswali yote ya msosi huwa yanatupwa kwangu. Mhusika nitamuita Dada Z. Nimebadilisha vitu vidogovidogo asijulikane, mbio zenyewe sizitaji, hospitali siitaji, na yeye mwenyewe ameisoma hii kabla sijaitoa na akasema iandike tu labda itamsaidia mwingine.

Alikuwa nani na alifikaje pale

Miaka 38, kazi ya kukaa ofisini kutwa, watoto wawili, urefu sentimita 162. Hana sukari, hana presha, figo zake nzima. Alipojiunga na sisi alikuwa na kilo 85 na alitaka vitu viwili kwa mpigo, apungue na akimbie nusu marathoni, yaani kilomita 21, iliyokuwa miezi minne mbele.

Miezi mitatu ya kwanza alienda vizuri tu. Alikuwa anakula kama nyumba nyingi za huku, asubuhi chai ya maziwa na chapati au mihogo, mchana wali maharage, usiku ugali na samaki au dagaa na mchicha. Mazoezi yalikuwa yanapanda, kilomita 5, 8, 12 akawa anazimaliza anaongea. Tatizo mizani. Miezi mitatu kilo moja tu, na hiyo moja ikamuudhi kuliko hata angebaki palepale.

Basi wiki tatu kabla ya mbio shoga yake akamuingiza kwenye grupu la WhatsApp la kupunguza mwili, unayajua haya, siku 21 bila wanga. Sheria zilikuwa ndefu ila kwa kifupi hamna ugali, hamna wali, ngano, viazi, ndizi, mihogo, matunda yote marufuku kasoro parachichi na limao, chumvi iwe kidogo kabisa "maana inashika maji", halafu maji yenyewe lita 5 kila siku eti yanasafisha mafuta. Akawa anakula mayai, kuku, samaki, mboga za majani za nazi, na dumu la maji liko pembeni ya meza ofisini anapiga mistari kila lita ikiisha.

Siku ya 8 mizani ikasoma 79.5. Kutoka 84, kilo nne na nusu kwa wiki moja na siku. Akapiga picha akaitupia kwenye grupu la klabu, watu wakamwaga makofi na mioto, na mimi ofisa lishe mzima nikaandika "Hongera sana dada, kaza hapohapo". Hiyo meseji bado ninayo, sijaifuta, huwa naisoma nikijiona najua sana.

Siku ya 10 tulikuwa na zoezi refu la kilomita 18, Dada Z akaishia 11. Alisema miguu ni kama imejazwa mchanga. Kichwa kilikuwa kinauma karibu kila siku, choo kigumu, usiku anaamka kukojoa mara nne, akisimama ghafla kizunguzungu. Aliuliza kule kwenye grupu la dayati wakamjibu mwili unatoa sumu hiyo, ongeza maji. Akaongeza. Juu ya hilo goti likaanza kusumbua, duka la dawa wakampa diklofenaki.

Na siku mbili kabla ya mbio nikatuma meseji kwa wote: "Jumapili joto kali, kunyweni maji mengi, msisubiri kiu." Ikumbukeni hiyo.

Siku ya mbio

Aliamka saa 9 usiku. Akajipima, 79.8, yaani kwa siku 12 mizani ilikuwa haijasogea tena, imepanda kidogo. Akala mayai mawili na nusu parachichi, akameza diklofenaki mbili za goti, na mpaka anafika kwenye mstari wa kuanzia alishakunywa lita moja na nusu.

Mbio zilianza saa 12 kamili. Jua lilikuwa bado ila unyevu wa Dar mnaujua, dakika ya kumi umelowa. Meza za maji zilikuwa kila kilomita 2.5 na kila meza wanatoa chupa ndogo ya nusu lita. Wengi wanapiga mafunda mawili wanajimwagia kichwani wanatupa. Dada Z alikuwa anamaliza chupa, kila meza, kwa sababu kochi wake wa lishe, yaani mimi, kasema asisubiri kiu.

Kilomita 10 alipita vizuri. Ya 14 miguu ikakata, sio maumivu, anasema ilikuwa kama umeme umekatika nyumba nzima, akaanza kutembea. Mwenzake aliyekuwa naye, namuita Mama K, akampa biskuti. Akakataa. "Nina siku ya 20 leo siwezi kuharibu." Meza ya kilomita 15 akamaliza chupa nyingine, ya sita hiyo.

Kilomita 17 kichefuchefu, akatapika majimaji, akawa anasema kichwa kinapasuka. Mama K anasema kilichomtisha ni kwamba Z alimuuliza "tunaenda wapi?" akamjibu, halafu baada ya kama dakika moja akauliza tena vilevile. Saa 2 na dakika 25 wakamuingiza kwenye tenti ya huduma ya kwanza, na mimi niliyekuwa nasubiri watu wangu karibu na pale nikakimbilia.

Kwenye tenti: nani aliamua nini na kwa nini

Picha ilikuwa ya kawaida kabisa. Joto, mkimbiaji kaanguka, macho hayajatulia. Kila mtu pale anapiga kelele mpeni maji, na kijana mmoja wa kujitolea alishatoa dripu anatafuta pa kuitundika. Mtu mwingine ana soda mkononi anasema sukari imeshuka hiyo. Hamna aliyekuwa mjinga kati ya hao, mimi mwenyewe nilikuwa upande wao.

Aliyetuokoa ni nesi wa zamu, mama mtu mzima, hakuinua hata sauti. Alimgeukia Mama K akauliza maswali manne tu, amekunywa kiasi gani tangu asubuhi, ameharisha au katapika mara ngapi, amekojoa lini, amemeza dawa gani. Alipojibiwa chupa sita na ile lita na nusu ya nyumbani, akasema weka chini hiyo dripu.

Mimi nikabisha, nikamwambia nesi kuna joto huyu kakaukiwa. Akaniambia, "Baba, angalia hii pete."

Pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye kidole, nyama imefura pande zote mbili. Mdomo wa ndani umelowa, mate yapo. Mapigo na presha havikuwa vya mtu aliyeishiwa maji. Halafu akaagiza mizani, kulikuwa na moja pale ya bafuni tu, Z akapandishwa kashikwa huku na huku bila raba, 81.2. Asubuhi alikuwa 79.8 na Mama K aliijua kwa sababu Z alimtumia picha kama kila siku. Hata ukitoa nguo iliyolowa, mtu aliyekimbia masaa mawili na zaidi kwenye joto lile alitakiwa awe amepungua. Huyu ameongezeka.

Uamuzi wa kwanza ukawa hapewi maji wala dripu ya kawaida, mpaka damu ipimwe. Mtu mwenye maji ya ziada ukimuongezea maji unazidi kuzimua chumvi ya damu, na hata ile dripu ya chumvi ya kawaida inaweza kumzidishia kwa sababu figo zake saa hiyo zimefunga mkojo.

Wa pili, sukari ipimwe kabla ya soda. Kidole kikachomwa, 4.4. Ipo chini kidogo kwa mtu aliyetoka kukimbia ila sio sukari ya kumfanya mtu asahau anaenda wapi. Hiyo ilitutoa kwenye njia ya pili ya uongo. Na kwa kuwa alikuwa anatapika na akili haijatulia nesi akakataa asipewe chochote kwa mdomo, hata supu ya chumvi ambayo mtu mwenye fahamu zake angeweza kupewa.

Wa tatu, asibaki tenti "apumzike kwanza". Alilazwa ubavu, gari likaja, na nesi alimuandikia daktari kwenye karatasi kitu kimoja amekipigia mstari: pimeni sodiamu haraka, yaani ile chumvi ya damu.

Hospitali na wiki zilizofuata

Sodiamu 127. Kawaida ni 135 mpaka 145. Walimpa dripu ndogo ya chumvi kali, ile ya asilimia 3, mililita 100, wakasubiri. Ndani ya saa moja akaanza kujua yuko wapi, halafu akaanza kukojoa, anasema alikojoa kama bomba limefunguliwa. Kesho yake asubuhi 134, mchana akaruhusiwa. Hakupata degedege na hakupoteza fahamu kabisa, na hapo ndo bahati ilipo maana sodiamu ikishuka haraka maji yanaingia kwenye seli za ubongo, ubongo unavimba, na fuvu halitanuki.

Baada ya siku tano alikuja kwangu na mumewe. Shemeji alikuwa mkali kidogo, na alikuwa na haki yake. Tukakubaliana wanga urudi. Siku ya tatu tangu urudi akanipigia analia, mizani inasoma 81.9. Kilo mbili kwa siku tatu, kochi umeniharibia kila kitu.

Hapo ndo nilielewa sijawahi kumueleza mtu yeyote kwenye klabu kitu cha msingi kuliko vyote.

Zile kilo nne na nusu zilikuwa nini

Ukila ugali, wali, kiazi, ndizi, mwisho wa yote vinavunjwa kuwa glukosi. Ile isiyotumika saa hiyo mwili unaiweka akiba, jina lake glaikojeni, kwenye misuli gramu kama 300 mpaka 500 hivi na kwenye ini kama 100. Sasa hii akiba haikai kavu. Kila gramu moja inakaa na maji kama gramu 3. Chukulia ni kama unga na ugali, unga peke yake ni mwepesi ila ukishasonga umebeba na maji yake.

Dada Z alipokata wanga mwili ukala akiba, na kila gramu iliyotoka ikaachia maji yake. Piga hesabu ya gramu 400 au 500 na maji yake, unapata kilo moja na nusu mpaka mbili, hamna hata tone la mafuta hapo. Juu yake insulini, ile homoni inayosimamia sukari ya damu, inashuka ukiacha wanga, na insulini ikishuka figo zinamwaga chumvi nyingi kwenye mkojo, chumvi inatoka na maji. Ongeza na utumbo uliokuwa umebeba chakula kingi sasa umebeba kidogo. Ndo kilo zako hizo.

Na ungeweza kuishtukia kwa hesabu ya darasa la saba. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Kilo 4.5 ni zaidi ya 34,000. Gawa kwa siku 8, unatakiwa uwe na upungufu wa kalori 4,300 kila siku, wakati Dada Z kwa siku nzima pamoja na mazoezi hachomi hata hizo zote. Haiwezekani iwe mafuta. Mimi hesabu hii naijua tangu chuo na nikaandika "kaza hapohapo".

Ndo maana pia mizani iligoma baada ya siku ya 8, akiba ilishaisha hakuna maji mengine ya kumwaga. Na ndo maana kilo mbili zilirudi siku tatu. Hazikuwa unene, ilikuwa ni ghala limejazwa tena. Nilipomuelezea hivi kwenye simu akanyamaza, halafu akauliza kwa hiyo nilikuwa najinyima wali ili nipunguze maji huku nakunywa maji lita 5? Ehee.

Miguu ya kilomita 14

Kukimbia kunakula takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilo 80 kwa kilomita 21 ni kama 1,700. Ghala lililojaa lina kama 2,000 hivi, kwa hiyo mtu aliyekula vizuri anamaliza nusu marathoni bila kukwama. Mafuta nayo yanachomwa, mengi tu, ila yanatoa nguvu polepole, mwendo ukizidi kidogo misuli inadai glukosi. Z alianza na ghala nusu au chini ya hapo. Kilomita 14 sio ajabu hata kidogo.

Kuna watu wanakaa miezi na dayati ya wanga kidogo mpaka mwili unazoea kutumia mafuta, na kwa baadhi ya wagonjwa wa sukari wakiwa chini ya daktari inasaidia, sitaki nionekane napiga vita kila kitu. Ila kuianza wiki tatu kabla ya mbio zako za kwanza ni kama kubadilisha injini ya daladala ikiwa na abiria.

Ugali nao umeonewa sana nchi hii. Utafiti uliochapishwa 2004 wa wakimbiaji wakubwa wa Kenya wakiwa kambini ulikuta karibu robo tatu ya nguvu yao yote inatoka kwenye wanga, na ugali peke yake ni karibu robo ya msosi wao, kinachofuatia ni sukari. Ubongo wenyewe unatumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku hata ukiwa umekaa unaangalia tamthilia. Shida ya Dada Z haikuwa ugali, tulipokaa kuangalia kweli tukakuta ni soda mbili za ofisini, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, na chipsi za jioni akisubiri foleni ipungue.

Maji yalimgeukaje

Hapa watu wengi huwa hawaamini. Maji si ni uhai? Ni uhai, zaidi ya nusu ya mwili wa mtu mzima ni maji, yanabeba chakula, yanatoa taka, jasho ndo feni yetu. Lakini maji mwilini yanafuata chumvi, na figo zina spidi yake. Figo nzima mtu akiwa ametulia inaweza kutoa kama lita moja hivi kwa saa, sio zaidi sana. Ukiwa unakimbia, una kichefuchefu, una maumivu, mwili unatoa homoni ya kushikilia mkojo na ile spidi inashuka vibaya. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zinaifanya ile homoni ishike zaidi.

Sasa panga vitu vya Z mezani. Wiki tatu anakojoa chumvi kwa sababu ya kuacha wanga. Chumvi ya chakula kaikata. Maji lita 5 kwa siku. Asubuhi diklofenaki mbili na lita moja na nusu. Njiani chupa sita, lita tatu. Jasho lake nakadiria lita mbili kwa muda ule, na jasho linaondoka na chumvi pia. Lita nne na nusu zimeingia, mbili zimetoka, mkojo umefungwa nusu. Hamna kitu kimoja hapo kingemlaza peke yake, vilikutana.

Na sio kisa cha ajabu cha Dar. Boston Marathon ya 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, asilimia 13 sodiamu ilikuwa chini, na alama kubwa ya waliopatwa ilikuwa kuongezeka uzito njiani. Sio wale wa mbele, wanaopatwa zaidi ni wa huku nyuma kwetu, wanaokaa barabarani masaa mengi na kila meza wanasimama.

Halafu kuna hili ambalo nalipenda sana. Kwenye utumbo kuna mlango unaoingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja, na vikipita hivyo maji yanafuata. Ndo siri nzima ya ORS, pakiti ya lita moja ina glukosi gramu 13.5 na chumvi gramu 2.6, ndo inaokoa watoto wa kuharisha. Kwa hiyo maji na wanga kwenye misuli wanakaa chumba kimoja, na utumboni wanapita mlango mmoja na chumvi. Grupu lile la dayati lilimwambia aache viwili na azidishe cha tatu.

Kwa siku za kawaida mwanamke mzima wa kazi za ofisini anahitaji maji kama lita mbili kwa siku, na hizo ni pamoja na chai, uji, mchuzi na chakula chenyewe. Wali uliopikwa zaidi ya nusu ni maji, ugali hivyohivyo, tikiti ndo usiseme. Jasho likiwepo unaongeza, na kiu kwa mtu mzima mwenye afya inafanya kazi vizuri kuliko tunavyoipa sifa. Wazee na watoto wadogo, na mtu mwenye figo au moyo, hao wana hesabu nyingine na daktari wao.

Tulichokosea

Cha kwanza changu. "Kunyweni maji mengi msisubiri kiu" sio ushauri, ni kelele. Mengi ni kiasi gani? Kwa mtu ambaye tayari anakunywa lita 5 nilichomwambia ni ongeza. Cha pili changu tena, ile hongera. Mtu akipungua kilo nne kwa siku nane swali la kwanza linatakiwa liwe umeacha kula nini. Cha tatu, zoezi la siku ya 10 alipoishia kilomita 11 tulimtania, tukasema uzembe. Kizunguzungu, kichwa, choo kigumu, kukojoa usiku, alivisema vyote kwa Mama K na hakuna aliyeviunganisha.

Z mwenyewe anasema kosa lake ni kutomuambia mtu klabuni kwamba anafuata dayati, aliogopa nitamkataza. Labda ningemkataza. Labda pia ningemwambia kaza hapohapo, kwa ushahidi uliopo.

Waandaaji nao, chupa nzima kila kilomita 2.5 na hakuna chenye chumvi wala sukari mpaka mwisho wa mbio, ni ukarimu wenye kasoro. Vikombe vidogo vingetosha, na meza moja ya ndizi katikati.

Kilichofanya kazi

Nesi kuuliza kabla ya kutibu. Mizani ya bafuni, ambayo sijui hata nani aliileta. Kidole kuchomwa kabla ya soda. Picha za mizani za kila asubuhi ambazo mimi huwa nazipinga, siku ile ndo zilitoa ushahidi. Na Mama K kutomuacha mwenzake kilomita 14 kukimbiza muda wake.

Baadaye, sahani. Nusu mboga na kachumbari, robo samaki au maharage au kuku, robo ugali au wali au viazi, na siku ya zoezi refu hiyo robo inakua bila kuomba ruhusa. Sukari kijiko kimoja. Soda zikaisha ofisini. Matunda yakarudi, chumvi ikarudi kwa kiasi cha kawaida. Maji kwa kiu. Miezi mitano akafika 77, wastani wa robo kilo kwa wiki, na zilikuwepo wiki za sifuri ambazo alinitukana kimoyomoyo najua.

Nusu marathoni yake ya pili jioni alikula wali na maharage, asubuhi uji wa sukari kidogo na mkate na chai, hakumeza diklofenaki kwa sababu goti alishalipeleka kwa mtu wa mazoezi ya viungo. Njiani tende nne na nusu ndizi, maji mafunda machache anaposikia kiu, meza mbili alizipita bila kuchukua kitu. Masaa mawili na dakika 48. Alipojipima alikuwa amepungua gramu 900, sawa kabisa.

Meseji yangu ya siku mbili kabla ya mbio siku hizi ni ndefu na ina maswali: unakunywa kiasi gani kwa siku, umeacha chakula chochote mwezi huu, unameza dawa gani ya maumivu. Watu wanalalamika ni ndefu. Mara ya mwisho wanne walijibu kuwa wana diklofenaki kwenye begi tayari, wawili wakakubali kuziacha. Na lile grupu la siku 21 bado lipo, limefungua awamu mpya juzi, kuna dada mmoja wa klabu yetu nimeona ametupia picha ya dumu lenye mistari, nimemuandikia pembeni, hajajibu bado.